Mwaka Ule Mama Alipoanza Kupima Bugali

Nikikamua ndimu juu ya samaki anayetoka motoni, mvuke ule mkali unanirudisha Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, katika jiko la mama yangu, mwaka ambao chumvi ilifukuzwa nyumbani kwetu. Juzi rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja shuleni, ambaye sasa ni mama wa watoto wanne, alinipigia simu akilia. Amepimwa, akaambiwa ana tansiyo, yaani shinikizo la damu, na sukari nayo inapanda. "Nitakula nini sasa?" aliniuliza. Nilitaka kumjibu upesi, nikashindwa, maana kila jibu lililonijia lilianza na mama yangu. Nikamwambia nitamwandikia. Nilipokaa kuandika, yakatoka haya.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Tulikuwa tumerudi miaka mitatu nyuma kutoka kambini, ng'ambo ya ziwa, ambako familia nyingi za kwetu zilikimbilia wakati wa vita. Kambini tulikula kwa kupimiwa: unga kwa kikombe, maharagwe kwa kikombe, mafuta kwa kifuniko cha chupa. Baba yangu alitoka kule mwembamba, mifupa ya mabega ikichora shati. Sasa alikuwa na boti mbili za injini zinazokwenda Kazimia na Ubwari, depo ya samaki karibu na ufuko, pikipiki nyekundu, na tumbo.

Lile tumbo lilikuwa mali ya ukoo mzima. Sokoni wanawake walimwambia mama yangu, wakimwita kwa jina langu, "Mama Riziki, ule mwanaume unamutunza kweli!" naye alicheka akiangalia chini. Shangazi Nyota, dada mkubwa wa baba, aliyeuza samaki wa chumvi pale sokoni, alikuwa na kawaida ya kulipiga kofi tumbo la kaka yake mbele ya wageni na kusema, "Tazameni, kambi imetoka ndani ya huyu muntu!" Sote tulicheka, na baba alicheka kuliko wote. Kwetu sisi tuliojua kulala na njaa, mwili mnene ulikuwa ushahidi kwamba mabaya yamekwisha.

Na alikula kwelikweli. Bugali, ndio ugali wetu wa muhogo, ulipanda kwenye sahani yake mpaka ukamficha kidevu. Sombe, yaani kisamvu, ilielea ndani ya mafuta ya mawese. Samaki wa mikebuka waliokaushwa na chumvi ya Shangazi walipikwa na kube mbili tatu, vile vipande vya chumvi na viungo vya mchuzi, kisha baba akaongeza chumvi nyingine kwa mkono kabla hata ya kuonja. Chai yake ilikuwa na vijiko vitano vya sukari. Akimaliza kula, alinituma sukre, ndivyo tunavyoita soda, nami nilikuwa na haki ya kunywa kile kilichobaki chini ya chupa.

Kisha ikaja kiu. Baba alimaliza jagi la maji kabla sijarudi na jingine. Alikwenda chooni mara nyingi mpaka mama akaanza kumsindikiza kwa macho. Nyuma ya ukuta, mahali alipozoea kujisaidia haja ndogo akiwa na haraka, siku moja niliwakuta sisimizi wengi wamejipanga, nikafurahi, nikadhani baba amemwaga sukre pale. Nilimwita mdogo wangu aje aone. Mama naye alikuja kuona. Alisimama mkono kifuani, kisha akaturudisha ndani.

Wiki ileile, mchana kweupe, baba akiwa anavaa viatu aende ufukoni, alikaa chini ghafla kama mtu aliyevutwa. "Mama Riziki," alisema polepole, "kichwa inapasuka. Na sioni muzuri."

Hospitalini nilibaki nje, chini ya dirisha, nikashika chuma na kujivuta nione ndani. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito kama ya mwanaume. Alifunga kitambaa kwenye mkono wa baba, akapuliza hewa kwa kale kapira, akatoboa kidole chake, akatazama, akatazama tena.

"Papa, uko na magonjwa mbili," alisema. "Tansiyo iko juu, na sukari iko juu. Hizi mbili zikikaa pamoja, moja inaisaidia nyingine kuharibu. Zinaharibu macho, figo, moyo, miguu. Dawa nitakupa. Lakini ukirudi nyumbani na ukule vile unakula, dawa itafanya kazi ya bure."

Mimi nilishika neno moja tu, sukari. Nilimwaza baba yangu ana damu tamu kama sukre nyekundu, na kwa akili yangu ya utoto sikuona ubaya wake uko wapi.

Baba alishusha mkono wa shati. Mama ndiye aliyeuliza. Mama yangu hakusoma kupita darasa la nne, kuandika kulimchukua muda, kwa hiyo aliomba aonyeshwe kwa mikono.

"Bugali, nimupe kiasi gani?"

Muuguzi alikunja ngumi. "Kama hii."

"Ngumi ya nani?"

Yule muuguzi alicheka, nadhani hakuwahi kuulizwa hivyo. "Yake mwenyewe, Mama. Haiko ngumi ya jirani."

"Na majani?"

"Nusu ya sahani ikuwe majani. Lengalenga, matembele, hata sombe, lakini mawese kidogo sana. Samaki ikuwe mubichi, si ya chumvi. Maharagwe ni muzuri. Kube, wacha kabisa. Sukre, wacha kabisa. Chumvi, ile ya kushika na ncha ya kidole tu. Tena atembee, nusu saa, haraka kidogo, siku nyingi za wiki. Na vidonge, kila siku."

"Hata akisikia amepona?"

"Sana sana akisikia amepona, Mama. Hapo ndipo batu wanaacha, halafu tunawaona hapa wamebebwa."

Mama alirudia yote kwa vidole, kimoja kimoja, mbele ya muuguzi, mara mbili. Leo nikiwa mtu mzima, nikiona watu wenye digrii wakitoka kwa daktari bila kukumbuka hata jina la dawa, huwa namkumbuka akihesabu vile, midomo ikicheza.

Siku ya pili nyumba yetu iligeuka. Kopo la sukari lilienda kwa jirani. Kube zikatupwa. Samaki wa chumvi, ambao Shangazi alituletea kila wiki kama zawadi, walirudishwa kwa heshima, na hilo lilikuwa kosa la kwanza ambalo Shangazi hakusamehe. Mama alianza kwenda ufukoni mwenyewe asubuhi, kungoja wavuvi, ili apate samaki mbichi. Alijaribu vitu. Tangawizi, vitunguu saumu, nyanya nyingi, pilipili, ndimu. Siku nyingine mchuzi ulitushinda kabisa, mdogo wangu akalia. Mama alionja, akatikisa kichwa, akasema, "Kweli, hii ni maji ya kuoshea." Kesho yake alijaribu tena. Baada ya wiki kadhaa alipata ule mchuzi wa nyanya na ndimu ambao mpaka leo naupika, na sisi watoto tukaanza kulamba sahani.

Wote tulikula chakula kimoja. Mdogo wangu alilalamika, akaambiwa, "Sipike vyungu mbili mimi. Baba yenu akiona ninyi munakula chumvi na yeye anakula yake pembeni kama muntu wa kifungo, ataacha. Tukule pamoja."

Kisha kukaja kutembea. Hapo baba aligoma. Mwenye boti mbili na pikipiki, atembee kwa miguu barabara ya Mboko asubuhi, watu wote wakimwona? "Watasema nimeanguka," alisema. "Watasema pikipiki wameninyang'anya." Mama hakubishana naye. Asubuhi iliyofuata alichukua beseni kubwa, akaliweka kichwani, akasimama mlangoni. "Twende shamba," alisema. Hatukuwa na shamba upande ule. Baba alimtazama, akalitazama beseni, akavaa viatu.

Walikwenda hivyo kila siku, mama mbele na beseni lake tupu, baba nyuma akipumua kwa nguvu. Vijana wa pikipiki walisimama, "Papa, panda, tukufikishe!" Mama ndiye aliyejibu, "Asante batoto, shamba haiko mbali." Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba lile beseni lilibebwa kwa ajili ya heshima ya baba yangu. Aliibeba aibu ya baba kichwani kila asubuhi, na akirudi alilitundika ukutani kana kwamba lilikuwa na kazi.

Lakini wakati ule mimi nilielewa vingine. Mama alikuwa amenunua kikombe cha bati. Alipima nacho unga wa bugali, kwa sababu alikuwa amejaribu, akagundua vikombe vingapi vinatoa ngumi ngapi. Nilipomwona mara ya kwanza amekishika kile kikombe, akikifuta juu kwa kiganja ili unga usizidi, nilirudi nyuma hatua moja. Nilikuwa nimeuona mkono wa mgawaji ukifanya hivyo kambini. Nikaunganisha: unga unapimwa, sukari imeondoka, baba anatembea kwa miguu, mama anatoka na beseni asubuhi, pengine anauza vitu vyetu. Vita inarudi, au njaa, na wakubwa wanatuficha. Na baba, ambaye mwili wake ulikuwa ushahidi wetu, alikuwa anapungua mbele ya macho yangu.

Basi nikaamua kumwokoa. Shuleni nilinunua mandazi mawili, nikala moja, jingine nikalifunga kwenye karatasi ya daftari, nikapita depo wakati wa kurudi. Baba alikuwa peke yake, amekaa kwenye gunia. Nilimpa. Alilitazama lile andazi kwa muda mrefu. Kisha akalila kwa mara moja, akafumba macho.

"Usimwambie mama," alisema.

Siku chache baadaye alinituma kwa Shangazi. "Mwambie kaka yake iko na njaa." Shangazi Nyota alishika kifua, machozi yakamtoka. Alinipa bakuli limefunikwa kitambaa: bugali mzito, mikebuka ya chumvi imezama kwenye mawese. Juu ya kitambaa aliweka chupa ya sukre. "Peleka, mutoto wangu. Mwanamke yule anammaliza kaka yangu. Ninyi hamuone? Anangoja boti zake."

Sikuelewa maana ya kungoja boti, lakini nilielewa kwamba mimi niko upande wa wema. Kwa wiki nyingi nilibeba lile bakuli. Baba alikula haraka haraka, nyuma ya magunia, akinipa mwisho wa chupa kama zamani. Jioni alikaa mbele ya sahani ya mama, akala ngumi yake ya bugali na majani yake, akasema asante. Mama alimsifu. Alituambia, "Munaona baba yenu? Hakuna mwanaume kama huyu."

Sokoni maneno yalikuwa yamesambaa. Wanawake waliokuwa wakimsifu walianza kumkata jicho. Wengine walisema ana dawa ya mganga, wengine walisema mchoyo. Mwanamke mmoja alikataa kumuuzia nyanya. Nilikuwa naye siku hiyo. Mama alisema tu, "Basi nitapata kwingine," akaenda kwingine.

Wakati huohuo msumari wa boti ulimchoma baba kidole gumba cha mguu. Alisema ni kitu kidogo. Wiki mbili, tatu, kile kitu kidogo hakikufunga. Kilikuwa kinatoa maji, na harufu.

Tulirudi hospitalini siku ya kupimwa, ilikuwa likizo, safari hii niliingia ndani. Muuguzi alipima, akaandika, akaweka kalamu chini. Hakumtazama baba, alimtazama mama.

"Mama, nilikufundisha mimi mwenyewe. Ulirudia hapa mbele yangu. Na leo sukari imepanda kupita siku ya kwanza, tansiyo vilevile. Unamupikia nini huyu muntu? Unataka akufe?"

Mama alimgeukia baba, polepole. Baba aliangalia sakafu. Nilimngoja aseme. Nakumbuka nilihesabu vigae vya sakafu huku nikimngoja. Hakusema.

"Pengine ni mimi sikuelewa vizuri, madamu," mama alisema. Alisogeza kiti mbele. "Nifundishe tena."

Na akafundishwa tena, kwa ukali, kama mtoto aliyefeli. Alikunja ngumi, akaonyesha. Alihesabu vidole. Muuguzi alifungua kile kidole cha mguu, akakisafisha, akasema kutembea kusimame mpaka kidonda kipone, afanye mazoezi ya mikono akiwa amekaa, kidonda kisafishwe kila siku, asivae ndala. "Na kama sukari haishuki, Papa, hii kidole haitapona. Hapo tutaongea habari ya kukata."

Baba alirudi kwa pikipiki kwa sababu ya mguu. Mama na mimi tulirudi kwa miguu. Neno "kukata" lilikuwa linanipiga kichwani kila hatua. Tulipofika mahali ambapo nyumba zinaachana kidogo, mama alikaa juu ya jiwe kando ya barabara, akafunika uso kwa ncha ya kitenge. Sikuwa nimewahi kumwona mama yangu akilia, hata siku tuliyokimbia.

"Mama," nilisema, "ni mimi."

Nilimweleza yote, andazi, bakuli, chupa, magunia. Nilimweleza na kikombe. Nilimwambia nilijua vita inarudi kwa sababu anapima unga kama kambini, na sikutaka baba afe njaa.

Alijifuta uso kwa kitenge. Kisha akanivuta, akaniweka katikati ya magoti yake.

"Kule walitupimia kwa sababu chakula ilikuwa kidogo, na batu wengi," alisema. "Hapa mimi ninapima na gunia imejaa. Gunia imejaa, Riziki, uliiona. Ninapima kwa sababu nataka baba yako akuone unaolewa. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

"Nani mwingine anajua hii habari?"

"Baba. Na Shangazi."

"Sawa. Usiambie muntu. Si kosa ya mutoto hii."

Nilidhani atamfokea baba tulipofika. Alichemsha maji, akayaacha yapoe, akaosha kidonda. Alipika. Alimhudumia kwa mikono ileile. Mpaka leo sijui alipata wapi nguvu hiyo, na nimejaribu mara nyingi katika ndoa yangu kuitafuta.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Shangazi Nyota aliitisha kikao. Kaka yao mkubwa alikuja kutoka Mboko. Walikaa uani kwenye viti vya plastiki, sisi watoto tukawa mlangoni na mama. Shangazi alisimama, akaongea kwa uchungu wa kweli, hilo lazima niliseme, alimpenda kaka yake.

"Muangalie kaka yetu! Alitoka kambini, akapona, akanenepa, tukamushukuru Mungu. Leo amekuwa mwembamba tena, kidole inaoza, na huyu mwanamke anamupimia bugali na kikombe. Na kikombe! Mimi nasema mbele yenu, kama hamumuondoe, tutamuzika."

Baba mkubwa alimgeukia mama. "Mama Riziki, uko na neno?"

Mama alikuwa na neno. Angesema moja tu na mambo yangekwisha. Lakini neno hilo lingenitaja mimi, mbele ya ukoo mzima, kama mtoto aliyebeba sumu ya baba yake, na jina la namna hiyo kwetu halifutiki. Nilijua, nikafungua mdomo niseme mwenyewe. Mkono wa mama ukanishika kifundo cha mkono, ukabana.

"Sina neno, Papa," alisema.

Hapo ndipo baba yangu aliposimama. Alisimama vibaya, mguu mmoja umefungwa kitambaa cheupe, akashika mgongo wa kiti.

"Neno iko kwangu," alisema. "Dada, ulinipikia na upendo, sikatae. Lakini mimi nilikula nikijua. Munganga wa hospitali alinieleza uso kwa uso. Mama Riziki anapika vile alifundishwa, hakuna siku alikosa. Mimi nilikula kwake jioni, mchana nilikula kwako, kwa kujificha nyuma ya magunia. Nilimutuma mutoto wangu abebe." Alitua avute pumzi. "Hospitali walimutukana Mama Riziki juu yangu. Nilikuwa nimekaa pale. Nilinyamaza. Sokoni wanamukatalia nyanya, nikasikia, nikanyamaza. Basi leo, kama kuna muntu wa kuondoa hapa, muniondoe mimi."

Kisha akamgeukia mama, mwanaume yule aliyeona aibu kutembea barabarani, na mbele ya kaka na dada yake akasema, "Nisamehe." Akanitazama na mimi. "Na wewe, Riziki. Nilikutuma vibaya."

Mama aliingia jikoni akatoka na chakula, maana wageni hawaondoki bila kula. Baba alikunja ngumi juu ya sahani yake mwenyewe, akawaonyesha, "Kiasi yangu ni hii," akaanza kula. Baba mkubwa alikula, akaomba mchuzi tena. Shangazi Nyota hakugusa. Alichukua kitenge chake akaondoka, na kwa karibu mwaka mzima hakukanyaga kwetu.

Yaliyofuata hayakuwa miujiza. Yalikuwa siku moja baada ya nyingine. Mama aliosha kile kidole asubuhi na jioni. Baba alifanya mazoezi ya mikono akiwa kwenye kiti, akiinua chupa mbili za maji, na sisi watoto tukimhesabia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Kidonda kilipungua taratibu sana, kikafunga, kikabaki kovu na ukucha uliopinda. Muuguzi yule, siku alipoona kimefunga, na vipimo vimeshuka, alimshika mama mikono yote miwili. Baba alimweleza pale pale kwamba mara ile kosa lilikuwa lake. Muuguzi alimwomba mama radhi. Mama alisema, "Ulinifundisha mara mbili, madamu. Wengine hawapati hata mara moja."

Walipoanza tena kutembea, mama alichukua beseni lake kama kawaida. Baba alilipokea mikononi, akalirudisha ukutani. Kijana wa pikipiki aliposimama kumwambia apande, baba alimjibu kwa sauti iliyosikika mpaka kwa majirani, "Mimi niko na sukari na tansiyo, mutoto wangu. Munganga alisema nitembee. Na wewe ushuke utembee kidogo." Kabla ya msimu wa mvua kwisha walikuwa watu sita asubuhi, mmoja wao mwalimu wangu.

Baba yangu bado yupo. Anatumia vidonge vyake, na siku nyingine vipimo vinapanda bila sababu tunayoiona, mama anakaa naye wanafikiri pamoja wamekosea wapi. Aliniona nikiolewa. Macho yake yamepungua kidogo, miguu yake iko yote miwili, na tumbo lile halikurudi tena.

Na Shangazi. Alikuja siku moja, karibu mwaka baada ya kile kikao, saa nne asubuhi, tukiwa tunachambua lengalenga uani. Alikuwa amepungua uso, na mkononi alikuwa na karatasi ya hospitali, ameikunja mara nyingi mpaka imekuwa ndogo kama stempu. Alisimama pale bila kukaribia. Alisema ametoka kupimwa. Alisema wamemwambia ana magonjwa mawili, yaleyale ya kaka yake. Alianza kusema, "Wifi, yale maneno nilisema ile siku..." sauti ikamkatika.

Nilimtazama mama. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilitaka Shangazi alipe. Nilitaka mama amrudishie walau sentensi moja.

Mama alisogea kwenye mkeka, akampa nafasi. Alingoja mpaka Shangazi akae vizuri, avute kitenge kifunike magoti. Kisha akamshika mkono wa kulia, ule mkono mzito uliozoea kushika chumvi, akavikunja vidole vyake kimoja kimoja mpaka vikawa ngumi.

"Bugali yako ni hii, Wifi," alisema. "Sasa tuanze na majani."